Maiti wa Tisini na Tano: Ugomvi wa Stephen na Maud Ndani ya Riwaya ya Upelelezi

Agosti 1138, mji wa Shrewsbury, magharibi mwa Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Ngome imeanguka. Mfalme Stephen ameamuru wote waliokamatwa ndani yake wanyongwe, na mamluki kutoka Flanders, ng'ambo ya bahari, wameitimiza amri. Mtawa mmoja wa makamo anapewa kazi ya kuwaosha na kuwasitiri marehemu. Anawalaza kwa safu, kisha anawahesabu. Kwa hesabu ya mfalme walionyongwa ni 94. Mtawa anapata 95. Anarudia kuhesabu, na jibu ni lile lile.

Hilo ndilo fundo la riwaya ya Ellis Peters iitwayo One Corpse Too Many, iliyotoka mwaka 1979. Ni ya pili katika mfululizo wa riwaya 20 zinazomhusu mtawa huyo, Bruda Cadfael. Nimekutana na wasomaji kadhaa walioifungua kwa hamu wakaiweka chini baada ya kurasa thelathini, nami siwalaumu. Mwandishi aliwaandikia watu wa kwao, ambao majina ya Stephen na Maud waliyasikia shuleni. Sisi wengine tunatupwa katikati ya ugomvi wa ukoo tusioujua, watu wanakimbia, watu wananyongwa, na hatujui nani kamkosea nani. Ndiyo maana naandika makala haya. Nataka kuufungua ugomvi wenyewe, kwa sababu bila kuuelewa, yule maiti wa ziada anabaki kuwa kitendawili cha kupitisha jioni tu, na kitabu hiki kina uzito kuliko hapo. Muuaji sitamtaja.

Tuanze na merikebu.

Usiku wa tarehe 25 Novemba 1120, merikebu iliyoitwa White Ship iling'oa nanga kutoka Barfleur, pwani ya Normandy, kaskazini mwa Ufaransa ya leo, ikielekea Uingereza. Ilikuwa mpya, ina mbio, na mabaharia wake walikuwa wamekunywa pamoja na abiria wao. Walikuwamo watu wapatao 300, wengi wao vijana wa nyumba kubwa. Miongoni mwao alikuwa William, mwenye umri wa miaka 17, mwana wa pekee wa kiume aliyezaliwa ndani ya ndoa ya Mfalme Henry wa Kwanza. Haikufika mbali. Iligonga mwamba ikazama, na mpaka kunakucha aliyebaki hai alikuwa mmoja, muuza nyama wa mji wa Rouen. Henry alikuwa ametangulia kwa chombo kingine.

Katika waliopaswa kusafiri na merikebu hiyo alikuwamo pia Stephen, mpwa wa mfalme. Aliteremka kabla haijaondoka. Mwandishi mmoja wa zama hizo, Orderic Vitalis, ambaye tutarudi kwake, anasema tumbo lilikuwa likimwendesha. Basi tumbo la mtu mmoja likaingia katika historia ya Uingereza, kwa maana angezama usiku ule huenda vita tunavyovizungumzia visingekuwapo.

Mfalme Henry alikuwa na watoto zaidi ya ishirini, lakini waliozaliwa ndani ya ndoa walikuwa wawili tu: William aliyezama, na binti aitwaye Matilda. Hapa ndipo msomaji wa kwanza anapopotea, maana Matilda wamejaa kila upande. Mama yake mfalme aliitwa Matilda. Mke wa mfalme, Matilda. Binti yao, Matilda. Mke wa Stephen naye, Matilda. Ellis Peters anamwita binti mfalme kwa namna nyingine ya jina hilo hilo, Maud, nami nitafanya vivyo hivyo. Wenzake walimwita pia Malkia wa Dola, kwa sababu aliolewa akiwa bado mtoto na Heinrich wa Tano, mtawala wa dola ya Wajerumani, na hata alipofiwa naye mwaka 1125 cheo hicho hakukiacha maisha yake yote.

Sasa nasaba. Kwa bahati nzuri Kiswahili kinaufungua uzi huu vizuri kuliko Kiingereza chenyewe, kwa sababu sisi hatumwiti kila ndugu wa mzazi kwa neno moja. William Mshindi, aliyeiteka Uingereza mwaka 1066, alizaa Henry na alizaa Adela. Henry alimzaa Maud. Adela alimzaa Stephen. Kwa hiyo Henry ni mjomba wa Stephen, na Stephen ni mtoto wa shangazi yake Maud. Wote wawili ni wajukuu wa mshindi yule yule, Maud kuumeni, Stephen kikeni.

Itazame hoja iliyotumika dhidi ya Maud. Wengi walisema mwanamke hawezi kuwatawala. Lakini Stephen mwenyewe haki yake ilipita kwa mama yake! Kama damu ya kifalme haiwezi kukaa kwa mwanamke, ilifikaje kwake? Na kama inaweza kupita kwa mwanamke, mbona Theobald, kaka yake mkubwa wa tumbo moja, hakuwekwa mbele yake? Hakuna upande uliokuwa na hoja safi. Msomaji akilielewa hili mapema, ataacha kumtafuta mfalme halali kwenye kitabu na kuanza kuwatazama watu.

Kosa la kawaida ni kudhani kulikuwa na kanuni ya urithi na Stephen akaivunja. Haikuwapo kanuni iliyokubaliwa na wote. Huyo Henry mwenyewe alikipataje kiti? Tarehe 2 Agosti 1100 kaka yake, Mfalme William Rufus, aliuawa kwa mshale msituni wakati wa kuwinda. Henry alikimbilia Winchester, akaishika hazina, na tarehe 5 Agosti alikuwa amevikwa taji. Siku tatu. Kaka yao mkubwa, Robert wa Normandy, alikuwa bado njiani akirudi kutoka Vita vya Msalaba. Miaka sita baadaye Henry alimshinda Robert vitani, akamfunga, na Robert alikaa kifungoni miaka 28 mpaka akafa. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetaka binti yake arithi kwa utaratibu.

Alichoweza kufanya ni kuwalisha watu kiapo. Tarehe 1 Januari 1127 aliwakusanya maaskofu na mamwinyi wa nchi, wakaapa kwamba akifa bila mwana wa kiume watamkubali Maud. Mfalme David wa Scotland, mjomba wa Maud kwa mama, aliapa kwanza. Kisha ukazuka ubishi: nani afuate? Waliobishania heshima hiyo walikuwa Stephen na Robert wa Gloucester, mwana wa nje wa Mfalme Henry, yaani kaka yake Maud kwa baba. Stephen akashinda ubishi. Yule atakayekivunja kiapo ndiye aliyegombea kukila mapema.

Mwaka uliofuata Henry akamwoza Maud kwa Geoffrey wa Anjou, kijana mdogo kwake kwa zaidi ya miaka kumi, kutoka ukoo ambao Wanormandy waliuchukia kwa vizazi. Baadhi ya walioapa wakaanza kusema kiapo kimetenguka, kwa kuwa mfalme amemwoza binti ng'ambo bila kuwauliza.

Tarehe 1 Desemba 1135 Henry alikufa Normandy. Maud alikuwa bara la Ulaya, upande wa mumewe. Stephen alikuwa Boulogne, kwa mkewe, na kutoka Boulogne mpaka pwani ya Uingereza ni mwendo mfupi wa bahari. Akavuka. Watu wa London wakampokea. Akaenda Winchester, ambako mdogo wake, Henry wa Blois, alikuwa askofu, na hazina ikafunguliwa. Ofisa mmoja wa nyumba ya mfalme akaapa kwamba marehemu, akiwa kitandani anakata roho, aliwafungua watu kiapo chao. Tarehe 22 Desemba Stephen akatawazwa. Alipita njia ile ile aliyopita mjomba wake miaka 35 nyuma, hatua kwa hatua.

Hapa ndipo ugumu wa kweli ulipo, na ningependa msomaji asimame kidogo. Mfalme wakati ule alipakwa mafuta matakatifu. Akishapakwa, amekuwa mtu wa namna nyingine mbele ya Mungu, na kumpinga ni dhambi. Lakini kiapo nacho kilikuwa kimeliwa mbele ya Mungu huyo huyo, na kukivunja ni dhambi pia. Tangu Desemba 1135 kila mwinyi wa Uingereza alikuwa mikononi mwa mambo mawili matakatifu yasiyoweza kukaa pamoja: ukitii kiapo unamkosea aliyepakwa mafuta, ukimtii aliyepakwa mafuta unavunja kiapo. Hakukuwa na mlango wa kutokea msafi. Wanaosema vita vile vilikuwa vya tamaa tu wanakosea. Tamaa ilikuwapo tele, lakini walikuwapo pia watu waliokosa usingizi kwa sababu hawakujua wamkosee nani.

Kwa nini basi watu 94 wakanyongwa Shrewsbury? Jibu liko Exeter, miaka miwili kabla.

Mwaka 1136 mwinyi aitwaye Baldwin de Redvers aliishika ngome ya Exeter akamkatalia mfalme. Stephen aliizingira kwa miezi mitatu. Visima vya ngome vikakauka, watu wakapikia divai na kuzimia moto kwa divai, mpaka nayo ikaisha. Waliposhindwa, mfalme angeweza kuwaua wote bila mtu kumlaumu. Askofu Henry alimwambia nduguye asilegee. Mamwinyi wengine, ambao wengi walikuwa na jamaa ndani ya ngome, walimwomba awaachie. Akawaachia waondoke na mali zao.

Sisi wa leo tunaona huruma. Wenzake waliona udhaifu. Kila aliyekuwa na kinyongo alipiga hesabu: kuasi hakugharimu kitu. Mei 1138 Robert wa Gloucester, mwinyi mwenye nguvu kuliko wote, alituma wajumbe kutangaza kwamba hamtambui tena Stephen na kwamba anarudi kwenye kiapo alichomlia dada yake. Ngome zikaanza kufungwa malango moja baada ya nyingine magharibi mwa nchi. Shrewsbury ikiwamo.

Sherifu, yaani ofisa wa mfalme, wa Shropshire, jimbo ulimo mji wa Shrewsbury, aliitwa William FitzAlan, na mkewe alikuwa wa jamaa ya Robert wa Gloucester. Ngome ilipoelekea kuanguka, FitzAlan alitoroka kwa siri na familia yake. Aliyebaki kushikilia malango alikuwa mjomba wake, Arnulf wa Hesdin, ndugu wa mama yake. Arnulf alikuwa amemtolea mfalme maneno ya dharau. Alipokamatwa, zilitolewa fedha nyingi ili akombolewe, na Stephen akazikataa. Orderic anaandika kwamba mfalme aliamuru Arnulf na wengine wapatao 93 wanyongwe au wauawe kwa njia nyingine, kwa kuwa alichoka kuonekana mpole. Waasi wa jirani walipopata habari walikuja mbio kuomba amani.

Jumlisha: Arnulf na wengine 93 ni watu 94.

Kwangu mimi hapa ndipo ustadi wa Ellis Peters unapoonekana. Alisoma hesabu katika kitabu cha karne ya 12 na akaiongezea moja. Hakuigusa historia, hakumwua mfalme ambaye hakufa, hakubuni vita. Aliweka mtu mmoja zaidi katika safu ya marehemu, akauliza kafikaje.

Jina lake halisi alikuwa Edith Pargeter. Alizaliwa 1913 katika kijiji cha Horsehay, katika jimbo hilo hilo la Shropshire, na kabla ya vita vya pili vya dunia alifanya kazi katika duka la dawa. Mambo hayo mawili yamo ndani ya kila riwaya ya Cadfael. Mji anaujua kwa miguu yake: Mto Severn unaozunguka kilima mpaka mji unakaribia kuwa kisiwa, ngome iliyojengwa pale penye shingo nyembamba ya nchi kavu, daraja la mashariki linaloelekea abasia (makao ya watawa), daraja la magharibi linaloelekea Wales. Msomaji anayetaka kuwafuata watu wake wakati wa usiku na achore ramani hiyo ndogo kwenye karatasi. Mimi nilifanya hivyo, na mambo mengi yalifunguka, hasa kwa nini mtu wa kutoroka hana njia nyingi na kwa nini abasia, iliyo nje ya kuta za mji ng'ambo ya mto, inakuwa mahali ambapo pande zote mbili zinakutana.

Na dawa anazijua. Cadfael ndiye mtunza bustani ya mitishamba wa abasia. Ana kibanda chake cha mbao kilichojaa vichane vya majani yaliyotundikwa kukauka, vyungu, dawa za kikohozi, marhamu ya viungo. Ni mtu wa Wales aliyeingia utawani akiwa ameshapita miaka arobaini. Kabla ya hapo alikuwa askari wa msalaba aliyeshiriki kutekwa kwa Antiokia na Yerusalemu, kisha baharia. Mtu wa namna hii akimtazama maiti anajua alivyokufa, kwa kuwa ameshawaona wengi.

Msomaji wa Tanzania ana faida ambayo wengine hawana. Watawa wa Cadfael ni Wabenediktini, na Wabenediktini tunao. Abasia za Peramiho, iliyoanzishwa 1898, na Ndanda, iliyoanzishwa 1906, zinafuata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ile ile iliyofuatwa Shrewsbury. Aliyepita Ndanda au Peramiho ameona kengele ikiwaita mabruda kwenye masifu, ameona bustani, karakana, hospitali, amesikia maneno abate na priori bila kuhitaji kamusi. Watu wengi wa kusini wamezaliwa katika hospitali hizo. Kwa hiyo yule Cadfael anayetoka kwenye sala ya asubuhi kwenda kufunga jeraha la mtu si kiumbe cha kigeni kwetu. Abate wake katika riwaya hii, Heribert, na mkuu wa pili, Priori Robert Pennant, walikuwapo kweli. Robert huyo ndiye aliyeleta Shrewsbury masalia ya Mtakatifu Winifred kutoka Wales.

Turudi kwenye safu ya maiti. Cadfael anamkagua yule wa ziada. Ni kijana. Waliotundikwa mikono yao ilifungwa. Huyu hana alama za kufungwa. Wale walikufa kwa kamba nene ya kitanzi. Huyu ana mstari mwembamba shingoni, wa mtu aliyekabwa kutoka nyuma kwa uzi mkali. Mtu amemuua, akangoja giza, akambeba, akamtupa katikati ya marehemu wa mfalme, akitumaini hakuna atakayehesabu. Ni kama mtu anayelificha jani moja katikati ya majani mengi.

Cadfael anafanya jambo ambalo lingeweza kumgharimu. Anakwenda kwa mfalme. Anamwambia mtu aliyeamuru watu 94 wafe kwamba mmoja amekufa isivyo haki.

Sura hiyo ndiyo moyo wa kitabu, na mara ya kwanza nilitaka kuikataa. Niliona kama kejeli kwa wale 94. Haki gani hiyo inayomlilia mmoja na kuwaruka wengine waliolala kando yake? Nikairudia, na nikaona mwandishi analijua swali hilo na hakulikwepa. Cadfael hasemi kwamba wale 94 walistahili. Anachosema ni kwamba kwa wale kuna mtu aliyetoa amri, jina lake linajulikana, na dhamana iko mabegani mwake mbele ya watu na mbele ya Mungu; huyu mmoja amefichwa, na aliyemuua ameitumia amri ya mfalme kama blanketi. Stephen anakasirika, lakini hasira yake haimwelekei mtawa. Anaona amefanywa mshirika wa uuaji bila kuulizwa. Anatoa ruhusa uchunguzi ufanyike.

Huyo Stephen ndiye Stephen wa historia, kwa kadiri ninavyomwelewa: jasiri, mkunjufu, mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kujuta, mtu aliyefanya ukatili Shrewsbury kwa sababu alichekwa kwa huruma ya Exeter. Ellis Peters hakumfanya zimwi, wala hakumsamehe.

Na hakuchagua upande. Wasichana wawili wako katikati ya hadithi. Aline Siward ni wa nyumba inayomtii Stephen, amekuja kambini kwa mfalme kwa hiari yake. Godith Adeney ni binti wa mtu mkubwa wa FitzAlan, kwa hiyo anasakwa na watu wa mfalme, na amefichwa ndani ya abasia akiwa amevalishwa nguo za kiume na kuitwa Godric, msaidizi wa Cadfael bustanini. Wote wawili ni waaminifu, wote wawili wana moyo safi, na kila mmoja angeweza kuwa upande wa mwenzake kama angezaliwa kwenye nyumba nyingine. Aline anakuja kuitazama safu ya marehemu, na kati ya walionyongwa na mfalme wake mwenyewe anamkuta kaka yake, Giles, aliyekuwa amekwenda upande wa Maud. Hapo hesabu ya 94 inaacha kuwa hesabu. Mwandishi angeweza kuandika kurasa kumi za kueleza maana ya vita vya ndugu. Aliandika dada akimtambua kaka yake.

Yupo pia Hugh Beringar, kijana aliyechumbiwa na Godith tangu utotoni, ambaye naye ametokea kujisalimisha kwa mfalme. Anamtafuta kwa wema au kwa ubaya? Cadfael hajui, na kwa sehemu kubwa ya kitabu wewe msomaji hujui. Ushindani wa akili kati ya wawili hao juu ya hazina ya FitzAlan, inayotakiwa itolewe nchini kabla mfalme hajaishika, ndio unaokifanya kitabu kisiwekwe chini. Nitaishia hapo.

Vita vyenyewe viliendelea vipi? Kwa ufupi, kwa kuwa riwaya zinazofuata zinavipitia. Mwezi huo huo wa Agosti 1138 Mfalme David wa Scotland, aliyeingia kaskazini kumpigania Maud, alishindwa vibaya katika Vita vya Bendera. Fundo dogo la nasaba: mama wa mke wa Stephen alikuwa dada yake David, kwa hiyo David alikuwa mjomba wa wanawake wote wawili waliogombea kuwa wa kwanza Uingereza. Maud mwenyewe alitua Arundel mwaka 1139. Stephen alimzingira, kisha akampa wasindikizaji wamfikishe salama kwa kaka yake Bristol! Februari 1141 Stephen alitekwa Lincoln, na Maud akafika London akijiandaa kutawazwa, lakini watu wa mji, waliochoshwa na madai yake ya fedha na maneno yake makali, walimfukuza kabla ya taji. Baadaye mwaka huo Robert wa Gloucester naye alitekwa, wakabadilishana mateka, na kila kitu kikarudi mwanzo. Desemba 1142 Maud alitoroka ngome ya Oxford usiku, amevaa nguo nyeupe juu ya theluji, akavuka mto ulioganda kwa miguu.

Mtawa mmoja wa Peterborough aliandika kwamba watu walisema Kristo na watakatifu wake walikuwa wamelala. Hakuandika habari za majumba ya kifalme tu. Aliandika habari za wakulima waliotozwa na kila ngome, na wakiwa hawana cha kutoa vijiji vyao vikachomwa.

Mwisho ulipatikana kwa uchovu. Robert alikufa 1147, Maud akaondoka nchini 1148, mwanawe Henry akakua. Agosti 1153 akafa Eustace, mwana mkubwa wa Stephen, na baba akakosa sababu ya kuendelea. Walikubaliana Stephen abaki na taji mpaka afe na Henry amrithi. Stephen alifariki Oktoba 1154. Desemba mwaka huo mwana wa Maud alitawazwa kuwa Henry wa Pili. Kiapo cha 1127 kilitimia, kwa kizazi kimoja kilichochelewa.

Nilisema tutarudi kwa Orderic Vitalis. Alizaliwa 1075 jirani na Shrewsbury. Baba yake, padri aliyetoka Ufaransa, ndiye aliyemshawishi bwana wake Roger wa Montgomery aijenge abasia ya Shrewsbury mwaka 1083, ile ile ya Cadfael. Orderic alipofika miaka kumi baba alimtoa kwa watawa wa Normandy, ng'ambo ya bahari. Uzeeni aliandika kwamba aliachana na baba yake huku wote wawili wakilia, na kwamba alifika nchi ambayo lugha yake hakuifahamu, kama Yusufu alipofika Misri. Hawakuonana tena. Huyo mtoto, sasa mzee wa zaidi ya miaka sitini, ndiye aliyeandika kilichotokea mwaka 1138 katika mji aliozaliwa jirani yake. Ninapolisoma neno lake "wapatao" kabla ya idadi ya waliouawa, nahisi mzee aliyekuwa mbali mno kuweza kuhesabu mwenyewe.

William FitzAlan, yule aliyetoroka, alirudishiwa mali yake Shrewsbury na Henry wa Pili mwaka 1155. Abasia ilivunjwa mwaka 1540, lakini kanisa lake bado limesimama kando ya barabara, ng'ambo ya daraja. Kati ya waliouawa ngomeni, Orderic alituachia jina la Arnulf. Wengine 93 hawana majina. Yule wa 95, ambaye hakuwahi kuishi, anaitwa Nicholas Faintree, na katika riwaya watawa walimzika ndani ya kanisa hilo, chini ya jiwe lake mwenyewe.